Dhamana Iliyotolewa Msibani

Mpwa wangu Enelesi alikamatwa kwa kosa la kuuza togwa kwa vikombe viwili. Amri ya Kamati ya Wilaya ya Kupambana na Korona ilisema kila mnywaji awe na kikombe chake. Enelesi alikuwa na vikombe viwili na wateja wengi, akivisuuza ndooni kila mmoja anapomaliza. Polisi walipofika sokoni Namisasi walimkuta hapo pamoja na watu kama kumi waliosimama karibu karibu wakisubiri zamu. Wakawapakia wote kwenye pikapu moja, wamebanana kama dagaa wa matemba kwenye gunia, na kituoni wakawatia katika chumba kimoja pamoja na wengine waliokuwamo, kwa kosa la kukaribiana.

Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na anayemsimamia duniani ni mjomba wake. Baba anaweza kwenda Joni, huko Afrika Kusini, kutafuta kazi za migodini asirudi tena, kama alivyofanya baba yake Enelesi, na kama anavyoelekea kufanya mumewe, lakini mtoto hakosi mtu. Dada yangu alipofariki, Enelesi akawa mzigo wangu kwa sheria zote, za kimila na za mbinguni. Na wakati huo alikuwa na mtoto wa miezi minane, bado ananyonya, ambaye mke wangu Dorika alikuwa amembeba mgongoni akizunguka naye nyumba nzima, mtoto analia, uji hautaki.

Nikavaa koti, nikafunga tai, nikaenda kituoni.

Inspekta Nakhumwa ndiye aliyekuwa mwendesha mashtaka wa polisi. Tulifahamiana tangu alipokuwa konstebo mwembamba.

"Mzee Namakhwa, karibu. Simama hapo hapo, nyuma ya mstari."

"Nimekuja kumchukua mpwa wangu."

"Kumchukua? Kwani ni mzigo uliuacha hapa? Huyo ni mshtakiwa, mzee. Anasubiri mahakama."

"Mahakama lini?"

"Ikifunguliwa."

"Itafunguliwa lini?"

"Korona ikiisha. Muulize korona mwenyewe, mimi hajaniambia."

"Inspekta, sheria inasema mtu afikishwe mahakamani ndani ya siku mbili."

Hapo akashusha barakoa yake, kuonyesha kwamba sasa tunaongea kama wanaume. "Na tulimfikisha. Siku ya pili asubuhi tulimfikisha mpaka mlangoni. Tatizo hakuingia."

"Alikataa?"

"Hakukataa. Alizidi."

Sikumwelewa, na sipendi kuondoka mahali sijaelewa. Nikamwomba nimwone Enelesi. Akaletwa kwenye kidirisha cha nyavu. Nilimpa nsima, ugali wetu, na matemba aliyopika Dorika, akavipokea bila kuvitazama.

"Mtoto ananyonya nini, mjomba?"

"Anakunywa uji."

"Uongo. Yule hanywi uji."

"Analazimishwa."

"Maziwa yananivimba hadi homa, mjomba. Halafu humu ndani watu wanakohoa usiku kucha. Jana wawili wametolewa wamebebwa. Askari wanasema ni malaria." Akacheka kidogo, mcheko wa mtu aliyechoka. "Ati tuoshe mikono. Ndoo ipo, bomba lipo, maji hayapo."

"Nitakutoa."

"Fanya haraka basi. Humu ukipiga chafya unakamatwa mara ya pili."

Shauri lake lilipangwa Jumatano. Nilifika mahakamani mapema, na hapo ndipo nilipoelewa maana ya kuzidi.

Amri ya Kamati iliruhusu watu kumi tu katika mkusanyiko wa aina yoyote, isipokuwa msiba, uliopewa watu hamsini, maana hata Kamati yenyewe iliogopa kuwagusa watu wa kwetu kwenye misiba yao. Mlangoni mwa mahakama alisimama Mayi Zamadenga kutoka ofisi ya afya, mama wa makamo mwenye fulana ya kung'aa na filimbi shingoni. Kazi yake ilikuwa kuhesabu. Alikuwamo Hakimu Kamphasa. Alikuwamo karani. Alikuwamo mkalimani, maana sheria zetu zimeandikwa kwa Kiingereza na makosa tunayatenda kwa Kichewa. Alikuwamo Inspekta Nakhumwa, na askari wawili wa kumlinda mshtakiwa, na askari wa tatu aliyemkamata, huyo ni shahidi. Alikuwamo tarishi wa kupiga kelele "Mahakama!" watu wasimame. Nikawamo mimi, raia mmoja, kwa sababu katiba inataka mahakama iwe wazi kwa raia. Na alikuwamo Mayi Zamadenga mwenyewe, kwa kuwa amri ilisema msimamizi awe ndani ya mkusanyiko anaousimamia.

Tukatimia kumi. Enelesi, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi nje juani, akainuka aingie. Filimbi ikalia.

"Kumi na moja!" alisema Mayi Zamadenga. "Haingii mtu."

"Mayi," nikasema, "huyo ndiye mwenye kesi."

"Sijakataa, Bambo. Mimi sihesabu kesi, nahesabu watu."

Nikasimama. "Mheshimiwa, mimi nitatoka, aingie yeye."

Hakimu Kamphasa alikuwa mtu mrefu, msafi, mwenye sauti nzuri ya kanisani. Akatikisa kichwa kwa huzuni. "Ukitoka wewe, mahakama haina raia. Itakuwa mahakama ya siri. Uamuzi wangu utabatilishwa."

"Basi shahidi atoke. Leo si dhamana tu?"

"Inspekta, shahidi wako anaweza kutoka?"

"Mheshimiwa, akitoka huyu simpati tena leo. Yuko zamu ya kizuizi cha barabarani."

"Askari mmoja je?"

"Kanuni zinasema wawili, Mheshimiwa. Mshtakiwa ni wa hatari kwa afya."

Mshtakiwa wa hatari alikuwa anatuchungulia dirishani, mkono mmoja ameukandamiza kifuani kwa sababu ya maziwa.

"Mheshimiwa," nikasema, "wewe ndiye mwenye mahakama hii. Amuru yeyote atoke."

Hakimu akajinyoosha kitini. Ilikuwa kana kwamba nimemgusa mahali anapopapenda. "Mzee wangu, mahakama hii ni huru. Haipendelei upande wowote. Nikimwamuru mmoja atoke ili mshtakiwa aingie, nitakuwa nimempendelea mshtakiwa."

"Na akibaki nje?"

"Akibaki nje, sijamwonea mtu. Ni hesabu tu." Akagonga meza. "Shauri limeahirishwa kwa wiki mbili."

Tarishi akapiga kelele "Mahakama!" Tukasimama wote kumi. Enelesi naye nje akasimama, kwa heshima.

Nilimfuata Hakimu hadi kwenye gari lake. Sikupenda kumfuata mtu mwenye cheo kama ombaomba, lakini wiki mbili zilikuwa nyingi kwa mtoto yule.

"Mheshimiwa, samahani. Hii Kamati iliyotoa amri, si na wewe umo?"

"Nimo. Ni mjumbe."

"Na ulikubali amri ya watu kumi?"

"Kule mimi si hakimu, mzee. Kule ni mjumbe. Nilipiga kura kama mjumbe."

"Na gari hili linapata dizeli wapi?"

"Kamati inatusaidia dizeli. Na zile ndoo za kunawia. Na nguo za kujikinga. Mahakama haina bajeti." Akaniwekea mkono begani, halafu akakumbuka korona, akauondoa. "Lakini nataka ujue jambo moja. Tangu nianze kazi, hakuna mtu aliyenipigia simu kuniambia niamue nini. Hata Mkuu wa Wilaya. Hata siku moja!"

Nilimwamini. Hakukuwa na haja ya kumpigia.

Usiku ule mtoto alilia hadi akakosa sauti. Dorika alimbeba mpaka alfajiri. Alinitazama tu, na kutazamwa na Dorika ni kazi.

Siku chache baadaye akafariki Mzee Biziweki. Alikuwa tarishi wa mahakama ile kwa muda mrefu kabla ya huyu wa sasa, mtu ambaye sauti yake ya "Mahakama!" ilisikika mpaka kwenye mashamba ya chai. Alikufa kwa presha, jambo ambalo wakati ule lilionekana kama bahati, kwa kuwa aliyekufa kwa presha anazikwa na watu wake. Watumishi wote wa mahakama walikuja, na polisi wakaja, na mimi nikaja kama jirani. Kwetu, asiyekwenda kwenye misiba ya wenzake anajua atakavyozikwa.

Mayi Zamadenga naye alikuwepo na filimbi yake. Alihesabu hamsini, akafunga lango la miti, waliobaki wakakaa barabarani.

Lazima niseme kitu kuhusu wachimba kaburi wetu, ambao tunawaita adzukulu. Siku za kawaida ni watu wa kawaida: mmoja fundi baiskeli, mwingine mlinzi, mwingine mlevi. Siku ya msiba wao ndio serikali. Wakisema jeneza haliendi, haliendi. Waziri akifika na viatu mahali wasipotaka viatu, atalipa kuku. Na kama kuna ugomvi wowote umesemwa mbele ya maiti, wao hukaa chini na kugoma mpaka umalizwe, kwa sababu haizikwi maiti juu ya maneno yasiyoisha. Mkubwa wao alikuwa Sandifolo, fundi baiskeli, mtu mwenye jicho moja na heshima ya watu wawili.

Zikaanza hotuba. Akaongea mtu wa ukoo. Akaongea mtu wa kanisa. Kisha akaitwa Hakimu Kamphasa kwa niaba ya kazini. Akasimama karibu na jeneza, akavuta barakoa chini ya kidevu, akaongea vizuri sana. Alisema marehemu alikuwa sauti ya haki. Watu wakaguna kwa kukubali. Naye, kama watu wenye sauti nzuri, alipoona wanamkubali akashindwa kuketi.

"Kuna wanaosema mahakama imefungwa," alisema. "Mbele ya mzee huyu nasema, si kweli! Mahakama si jengo. Mahakama si viti. Nilipo mimi, hapo ndipo mahakama ilipo. Ugonjwa hauwezi kuifunga. Mwananchi mwenye shida yake anifuate popote, atasikilizwa. Nasema mbele ya maiti!"

Wanawake wakalia kwa uchungu. Hakimu akageuka arudi kwenye kiti chake.

Sikuwa nimepanga kitu. Lakini niliona miguu yangu imeshasimama.

"Mheshimiwa," nikasema, "mimi mwananchi. Nina shida yangu."

Hakimu akatabasamu kama mtu aliyeulizwa swali na mtoto. "Mzee Namakhwa, hapa tuko msibani."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Na wewe uko hapa. Umesema ulipo, mahakama ipo. Naomba dhamana ya mpwa wangu Enelesi."

"Aisee!" akasema mtu nyuma.

Inspekta Nakhumwa akasimama. "Mheshimiwa, huu ni utovu wa adabu. Watu wana majonzi."

"Nani ana majonzi zaidi yangu?" aliuliza mjane wa Biziweki kutoka kwenye mkeka. "Mimi sijalalamika. Endelea, shemeji."

"Tutaongea baadaye, mzee," alisema Hakimu. "Njoo ofisini."

"Ofisini nilikuja, Mheshimiwa. Tulizidi."

Hapo Sandifolo, aliyekuwa amesimama na wenzake pembeni tayari kubeba, akaweka jembe lake chini. Akakaa. Wenzake wote wakakaa.

"Nini tena?" aliuliza mtu wa ukoo.

"Tumechoka kidogo," alisema Sandifolo.

"Hamjabeba bado!"

"Ndiyo. Tumechoka kabla." Akamtazama Hakimu kwa lile jicho lake. "Baba, umeongea mbele ya maiti. Ukasema atasikilizwa. Huyu amekuja. Sasa sisi tumzike Mzee Biziweki na maneno yako kifuani? Atatusumbua. Alikuwa na sauti kubwa huyu."

"Sandifolo, hii ni mahakama, si baraza la kijiji! Mimi silazimishwi."

"Hakuna anayekulazimisha, baba. Wewe uko huru kabisa. Kaa ufikiri. Sisi hatuna haraka, marehemu ndiye mwenye haraka, na jua hili."

Hakimu akatazama jua, akatazama jeneza. Akawatazama watu hamsini waliokuwa wanamtazama yeye, na walioko barabarani wakichungulia juu ya lango. Hakika hakuna aliyemwambia aamue nini. Walimwambia tu aamue.

"Karani yupo?" aliuliza hatimaye.

"Nipo, Mheshimiwa."

"Mkalimani?"

"Nipo hapa."

"Inspekta, mshtakiwa wako yuko wapi?"

"Kituoni, Mheshimiwa. Lakini..."

"Si hapo tu ng'ambo ya barabara? Mlete."

Inspekta aliondoka akinung'unika na kurudi na askari wawili, na katikati yao Enelesi, miguu mitupu, kitambaa kichwani kimelegea. Walipofika langoni filimbi ikalia.

"Hamsini na moja!" alisema Mayi Zamadenga.

Nakwambia watu waliguna. Hata Hakimu aliguna, sijui kwa huzuni au kwa matumaini.

"Askari hawa wawili walikuwa ndani tangu mwanzo," alieleza Mayi Zamadenga, maana alikuwa mwanamke mwaminifu kwa kazi yake. "Walitoka wamerudi. Inspekta ametoka amerudi. Huyu dada ndiye mpya. Mniwie radhi, jamani. Nami nina wakubwa wangu."

Sandifolo akainuka, akapiga hatua hadi kwake. "Mayi, hebu nikuulize. Marehemu umemhesabu?"

"Nimehesabu kila mtu aliye ndani ya uzio."

"Pamoja na wa kwenye jeneza?"

Mayi Zamadenga akasita. "Amri inasema watu. Haikusema walio hai."

"Marehemu anaweza kuambukiza korona?"

"Huyu? Huyu alikufa kwa presha."

"Anaweza kuambukizwa?"

"Sandifolo, usinitanie."

"Basi mtoe kwenye hesabu."

Mayi Zamadenga alifikiri. Midomo yake ilikuwa inahesabu chini ya barakoa. Kisha akafungua lango. "Hamsini," alisema. "Pita, mwanangu. Mzee amekupisha."

Ndivyo mahakama ilivyokaa. Hakimu alikalia kiti cha plastiki, karani akaweka daftari kwenye mapaja, Enelesi akasimama karibu na jeneza kwa kuwa hapakuwa na kizimba. Tarishi wa sasa akapiga kelele "Mahakama!", na watu wote wakasimama, na wazee wachache walilia, wakikumbuka ilivyokuwa ikisemwa zamani.

Inspekta alipinga dhamana. Alisema mshtakiwa akitoka ataendelea kuhatarisha afya ya umma.

"Mshtakiwa, unasemaje?" aliuliza Hakimu.

Enelesi alimtazama mkalimani, mkalimani akamtazama yeye. "Mheshimiwa," alisema, "kama nina ugonjwa, basi nimewaambukiza wote kule ndani, na mnipeleke hospitali. Kama sina, kule ndani nitaupata. Sasa mnataka nikae nifanye nini? Mimi nina mtoto ananyonya."

"Hilo si jibu la kisheria."

"Maziwa hayajui sheria, Mheshimiwa."

Wanawake wakacheka, wakafunika midomo, kwa kuwa msibani hakuchekwi. Hata Hakimu alifuta jasho ili asionekane akicheka. Kisha akasimama, na nikaona ile sauti yake imerudi. Alisema uhuru wa mtu si zawadi ya Kamati. Alisema hakuna amri ya kiongozi yeyote iwezayo kufunga mlango wa mahakama, na kwamba mahakama iliyomwacha mshtakiwa kwenye ngazi kwa sababu ya hesabu haikuwa mahakama, ilikuwa duka la viti. Alisema hivyo kana kwamba anamsema hakimu mwingine, mbaya, wa wilaya nyingine. Dhamana ikatolewa. Mdhamini ni mimi, mjomba, na Enelesi atakuwa anaripoti polisi kila Jumatatu.

Sandifolo akachukua jembe. Mzee Biziweki akazikwa vizuri.

Enelesi alikimbia njia nzima. Nilipofika nyumbani nikihema, mtoto alikuwa amelala kifuani mwake, mdomo wazi. Dorika aliniletea maji ya kunywa bila kuombwa, akaketi karibu nami. Kwa siku mbili nilitembea Namisasi kama mtu aliyejenga daraja.

Siku ya tatu akaja bwana mmoja, Bambo Lichapa. Mpwa wake Fulaida, mwendesha baiskeli za abiria, alikuwa katika lile kundi la pikapu, bado yuko ndani, naye alikuwa ameanza kukohoa. Lichapa hakukaa. Alizungukazunguka maneno, akasifu koti langu, kisha akauliza:

"Kwenu huku hakuna mgonjwa?"

"Mgonjwa gani?"

"Yeyote. Aliyezidiwa."

"Lichapa, unatafuta nini?"

"Unajua ninachotafuta, mzee. Natafuta msiba. Yule hakimu haji mpaka kuwe na maiti."

"Mungu akusamehe."

"Atanisamehe. Yule bibi wa pale kwenye kinu, si alikuwa mahututi?"

"Amepona."

"Looh!" alisema Lichapa, halafu akaona aibu, akasema, "Namaanisha, Mungu mkubwa."

Hakuwa peke yake. Wajomba wa wafungwa wote walikuwa wanazunguka Namisasi wakiulizia hali za wazee, wakileta mayai, wakiwakagua macho. Wazee waliogopa kutoka nje. Nilisikia mmoja alimfukuza mgeni kwa fimbo, akimwambia yeye hafi kwa ajili ya mtoto wa mtu.

Kisha likapita gari la kipaza sauti. Kamati ya Wilaya imekutana. Kwa kuwa imebainika kuwa misiba inatumiwa kinyume na malengo yake, kuanzia sasa msiba nao utakuwa na watu kumi, wakiwemo wachimba kaburi. Wametia saini Mkuu wa Wilaya, mganga mkuu, na wajumbe wote, akiwemo Mheshimiwa F. Kamphasa.

Nilikwenda kwake siku hiyo hiyo. Nilimkuta anakagua tairi za gari.

"Mheshimiwa, nimesikia jina lako."

"Ulisikia vizuri."

"Wewe ndiye uliyesema hakuna amri iwezayo kufunga mlango wa mahakama."

"Na nilisema kweli. Uamuzi ule ni mzuri, mzee, nimepeleka nakala mjini. Wanausifu." Uso wake ulikuwa na furaha ya kweli. "Lakini ule ni wa hakimu. Kwenye Kamati nilipiga kura kama mjumbe. Mjumbe hawezi kumwingilia hakimu, na hakimu hawezi kumwingilia mjumbe. Hawa watu wawili hawajawahi hata kuongea. Huo ndio uhuru."

"Na Fulaida mpwa wa Lichapa?"

"Shauri lake limepangwa. Aje mahakamani."

"Ataingia?"

Hakimu alifunga mlango wa gari polepole. "Hilo niulize mahakamani," alisema.

Wiki ileile alifariki mama yake Lichapa. Wachimba kaburi walikuwa saba, na wa nane Mayi Zamadenga mwenye kuhesabu. Zilibaki nafasi mbili: ya Lichapa na ya dada yake, mama wa Fulaida. Marehemu, aliyewazalisha nusu ya wanawake wa Namisasi, alibebwa bila wimbo, bila hotuba, kama kitu cha wizi. Sandifolo alipita na jeneza bila kututazama. Fulaida, mjukuu wake, alikuwa ng'ambo ya barabara, nyuma ya nyavu. Nasikia alisimama.

Sisi wengine tulijipanga kando ya barabara kutoa heshima. Nilikuwa na Enelesi, mtoto mgongoni mwake. Tulipofika, wanawake waliokuwa wamesimama pale walisogea. Wanaume nao wakasogea. Mmoja alisema, si kwa sauti ndogo, "Ndio hawa. Kwa sababu yao tunazika kama tunafukia mbwa."

"Mjomba," alisema Enelesi, "ningebaki kule ndani, wangezikwa vizuri?"

"Nyamaza. Kuna maiti inapita."

"Nauliza tu."

"Funga barakoa yako."

Akaifunga. Jeneza likapita, Lichapa nyuma yake, akaniinamishia kichwa kama mtu anayemwamkia mdeni wake. Watu walikuwa wametuachia nafasi kubwa pande zote mbili, kubwa kuliko ile iliyoagizwa na Kamati, na hapakuwa na haja ya filimbi.